Barua ya wazi: Kaskazi inakatika, nyasi hazijarudi

Mheshimiwa Afisa wa Uvuvi,

Pokea salamu zetu kutoka Gazi, pwani ya Kwale. Baada ya salamu, nakukumbusha neno lako mwenyewe. Wakati wa kusi, upepo wa katikati ya mwaka, tulikuja ofisini kulalamika kuwa nyasi za bahari zimeisha upande wa kusini wa ghuba. Ukatujibu kwa upole: "Ni msimu tu, wazee wangu. Subirini kaskazi." Tumesubiri. Kaskazi, upepo wa Desemba hadi Machi, ndiyo hii inakatika.

Msimu tunaujua, mheshimiwa. Kusi likivuma, mawimbi hukata majani yakarundikana ufuoni mpaka yakanuka. Mizizi hubaki mchangani, na bahari ikitulia nyasi huchipua. Hilo halihitaji semina. Safari hii mizizi yenyewe haipo. Ukikanyaga, unazama kwenye tope.

Wiki iliyopita mlifika na mashua, mkapiga picha penye kijani, mkaondoka kabla maji hayajapwa. Sasa tunasikia kwamba hali ni nzuri. Hongereni.

Mimi natega samaki kwa malema, mitego ya kusukwa. Samaki aitwaye tafi hula nyasi hizo. Zisipokuwepo naye haji. Siku hizi nainua lema lina kaa wawili, na nyumbani naulizwa kama nilikwenda kuvua au kutembea. Mwalimu anayedai karo ya wanangu nimwambieje, asubiri kaskazi?

Sababu? Mimi nashuku Mto Mkurumuji. Unateremka kutoka vilima vya Shimba, unapita kwenye mashamba ya miwa, na masika ikiingia unatumwagia udongo. Wenzangu wanasema ni juya, wavu unaokwangua chini, uliopigwa marufuku mwaka 2001 na bado unakokotwa mchana kweupe. Huenda ni yote mawili. Kuchunguza ni kazi yako, na mshahara wake unaupokea wewe.

Mikoko yetu ina mradi tangu 2013, na wageni wanavuka bahari kuja kuitazama. Nyasi, bahati mbaya, hazionekani mpaka uvue viatu.

Maboya uliyoahidi, doria uliyoahidi, mkutano uliouahidi: hayo tuyaache. Ombi letu ni moja. Njoo bamvua ijayo, maji yanapopwa mbali kabisa, kabla ya masika, maji yakipwa uteremke utembee nasi hadi mlangoni mwa mto. Mashua nitatoa mimi. Mafuta pia nitanunua. Wewe njoo tu, mheshimiwa, na safari hii usiondoke kabla maji hayajapwa.

Wako,
Mtega malema, Gazi