Ramani ya kijani haituambii kuna msitu

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu wilaya zinazoongoza kwa kupoteza misitu, pamoja na ile ramani yenye madoa ya waridi. Hongereni, maana si kawaida habari za mazingira kuandikwa huku mwandishi ana takwimu mkononi. Ila takwimu zenyewe zimesomwa vibaya, na ni vyema hilo lisemwe mapema kabla watu hawajaanza kuitwa kujieleza.

Ramani hiyo ni ya Global Forest Watch, jukwaa lililozinduliwa na taasisi ya World Resources Institute mwaka 2014. Linatumia picha za setilaiti zilizogawanywa vipande vya mita 30 kwa 30, na linaonyesha miti iliyopotea kila mwaka tangu 2001. Kinachohesabiwa ni mti wowote unaofikia urefu wa mita 5. Uwe mvule, mwembe au msindano, setilaiti haibagui. Ndiyo sababu wilaya ya Mufindi, Iringa, inaonekana kama imeungua. Pale Sao Hill ndipo lilipo shamba kubwa kuliko yote ya miti ya serikali nchini. Misindano ikikomaa huvunwa, kisha hupandwa mingine. Kwenye ramani uvunaji huo ni upotevu, na nyinyi mmeuandika kuwa ni uharibifu wa msitu wa asili. Waliotengeneza ramani hawakuficha kitu, maelezo yapo pale pale pembeni ya kila tabaka, yaani kila aina ya takwimu inayowekwa juu ya ramani, ila lazima uyafungue uyasome.

Kinachoniuma zaidi ni kinyume chake, na hiki nakiona huku kwetu Muheza. Fungua ramani hiyo hiyo, vuta karibu Usambara Mashariki, utaona kijani kimetanda. Sasa panda Amani uingie penye iliki. Iliki inapenda kivuli, kwa hiyo mkulima haikati miti mikubwa. Anafyeka vya chini, anaondoa miche na miti midogo, anapanda iliki yake. Ukitazama juu, majani yamefunga vizuri. Ukitazama chini hakuna mche hata mmoja wa kurithi nafasi ya mti mzee utakapoanguka. Vyura na vinyonga wanaoishi kwenye unyevu wa chini wamekosa mahali pa kukaa, na setilaiti haina habari. Mti ukianguka, pengo huzibwa upesi na Maesopsis, mti ambao asili yake si milima hii, na huo nao unaonekana kijani kutoka angani. Pale Derema, wakulima walipolipwa fidia ya mazao yao ili eneo liwe hifadhi, watathmini walilazimika kuingia ndani kwa miguu. Hakuna picha ya angani ambayo ingewahesabia iliki.

Misitu ya miombo ina shida yake nyingine. Jukwaa hilo linakuruhusu kuchagua kiwango cha kufunga kwa majani, yaani sehemu ya ardhi iliyofunikwa na majani ya miti ndipo pahesabiwe kuwa pana miti, na usipogusa kitu linakupa asilimia 30. Ukikibadilisha, hekta za wilaya ile ile zinabadilika, kwa sababu majani ya miombo mingi hayafungi sana. Makala yenu haikusema mlitumia kiwango gani.

Nawafundisha wanafunzi wangu pia kufungua GBIF, hifadhidata ya mtandaoni inayokusanya kumbukumbu za viumbe kutoka makumbusho na kwa watu wa kawaida duniani kote. Swali la kwanza darasani huwa: kwa nini nukta zimejazana hifadhini na kandokando ya barabara? Jibu wanalipata wenyewe, ndiko watafiti wanakofika. Penye weupe hapajaandikwa tu. Kabla ya 2005 hakuna ramani ya kisayansi iliyokuwa na kipunji, aina ya kima, kwenye Mlima Rungwe, ilhali wawindaji wa Kinyakyusa walimjua na jina lake walikuwa nalo.

Na hata penye nukta, angalieni. Kwenye iNaturalist, tovuti ambako watu huweka picha za viumbe walivyoviona, mahali alipoonekana kiumbe aliye hatarini hufichwa kwa makusudi ndani ya mraba wa takriban kilomita 22 kila upande, ili wawindaji na wauza vinyonga wasifuate alama. Ukichapa nukta ile gazetini kama ndipo anapoishi, unaweza kumweka mnyama wa milimani katikati ya mashamba ya mkonge.

Ombi langu ni dogo. Mkichapa ramani tena, andikeni chini yake jina la tabaka, mwaka wa takwimu na kiwango cha majani mlichochagua, kama mnavyoandika jina la mpiga picha. Na kabla ya kuitaja wilaya kuwa imemaliza misitu, mpigieni simu ofisa misitu wa hapo mumuulize kama kuna shamba la miti. Mwandishi wenu akitaka kuuona msitu wa iliki kwa macho yake, kamati za misitu za vijiji vya Amani zinamjua mwenyeji wa kila njia.

Mwalimu wa jiografia,
Muheza, Tanga