Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wasusi wa Mafunjo, Dunga

Ndugu wanachama,

Hesabu mweka hazina atazisoma mwenyewe, nami sitazirudia. Mikeka na vikapu vimepata wanunuzi, na wote mliojitolea kujenga banda la kukaushia nawashukuru kwa dhati. Mimi nataka tuzungumzie mafunjo yenyewe, mimea ya kinamasi chetu tunayosukia.

Upande wa mtoni kuna sehemu zilizokatwa mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Nendeni mkaone: yaliyochipua ni membamba na mafupi, ilhali funjo lililokomaa hufika mita 4 hata 5. Bua changa limejaa maji. Ukilipasua na kulianika hujikunja, na mkeka wake hulegea mapema. Mnunuzi halioni hilo siku ya kwanza, lakini harudi tena.

Machipukizi hulishwa na shina linalolala chini kwenye matope. Kila tukikata, shina hilo hutumia akiba yake, na huhitaji takriban mwaka mzima kuirudisha. Ukirudi na panga baada ya miezi 6, linadhoofika, na magugu yanachukua nafasi. Moto ndio mbaya zaidi, hasa kiangazi maji yakipungua, kwani huweza kuunguza hata shina lenyewe. Anayechoma kinamasi ili alime anatunyang'anya kazi sote.

Wala si sisi wasusi tu. Kambale na kamongo hujificha na kuzaliana humo, na matope yanayoletwa na mvua hunaswa humo kabla ya kufika Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria. Yule ndege mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano, ambaye wageni hupanda mitumbwi kumtafuta, haishi mbali na mafunjo. Yakiisha, naye ameondoka.

Kamati inapendekeza kinamasi kigawanywe vipande, na kila kipande kikishakatwa kipumzike mwaka mzima. Tukate yaliyokomaa tu, yale ambayo vichwa vyake vimeanza kugeuka rangi ya kahawia, na tusikanyage machipukizi tunapopita. Ambaye kipande chake kinapumzika atakata pamoja na jirani yake, asikose riziki.

Ramani ya vipande imebandikwa bandani. Tafadhali itazameni kabla ya kura, hasa akina mama mnaokata upande wa mtoni, maana huko ndiko tunakopendekeza mapumziko yaanze.

Mwenyekiti