Barua kwa mwanangu anayeenda kung'oa jino Alhamisi

Mwanangu,

Ile voisi yako ya saa sita usiku nimeisikiliza mara mbili na nimekusikia unavyojikaza. Umeniuliza kitu kimoja tu, mama inauma? Nilianza kukujibu kwa meseji nikaona haitoshi, maana mimi nilipouliza hivo hivo niliambiwa ni kama kung'atwa na sisimizi basi, na hamna aliyeniambia yaliyobaki. Sitaki na wewe uende hivo.

Kwa kifupi sindano inauma kidogo, kung'oa kwenyewe hakuumi ganzi ikikolea, na siku mbili tatu za baadae ndo zinaweza kukutesa usipokuwa makini. Kwa hiyo hofu yako yote umeiweka kwenye kiti cha dokta wakati kazi kubwa iko nyumbani ukisharudi.

Alafu usije ukaghairi eti kwa sababu tangu jana limetulia. Jino lililooza mpaka ndani huwa linanyamaza, mshipa wake umekufa na uchafu unajikusanya chini ya mzizi taratibu, siku likirudi linarudi na shavu limevimba. Muulize tu dokta mara moja, hili haliwezi kuokolewa kwa kutibu mzizi? Ni haki yako kuuliza na yeye atakuonyesha kwenye eksirei. Akisema hapana basi twende.

Kabla hujaenda, kula ushibe (labda kama wamekwambia watakulaza usingizi kabisa, hapo fuata masharti yao), piga mswaki vizuri, na ukifika waambie dawa zote unazotumia hata zile unazoziona ndogo. Na ile aleji yako ya penisilini usisubiri waulize, sema mwenyewe mapema. Ulikuwa na miaka minne, ulitoka vipele mwili mzima usiku mmoja, mimi nakumbuka kama jana ila kwenye karatasi zao hakuna anayejua.

Sasa sindano. Kwa vile lako ni gego la chini atakuchoma nyuma kabisa, pale taya linapopinda, utasikia mchomo na kama kitu kinajaa. Moyo unaweza kwenda mbio ghafla ukadhani unazimia, usiogope mwanangu, kwenye ganzi mara nyingi wanachanganya adrenalini ili ikae muda mrefu na damu isitoke sana, na mbio zenyewe zinapita ndani ya dakika chache. Vuta pumzi kwa pua. Baada ya muda nusu ya mdomo wa chini na upande wa ulimi vinakufa, utahisi mdomo umekuwa mkubwa kama mto wa kulalia, ukijiangalia kwenye kioo uko vile vile.

Hapa nisikilize vizuri. Ganzi inaua maumivu ila haiui msukumo. Utasikia anasukuma, anakandamiza, anayumbisha, kichwa kizima kinaenda naye, na hiyo ni kawaida. Lakini ukisikia kitu kikali, kile cha kukufanya urushe miguu, hiyo sio kawaida na hutakiwi kuvumilia. Mahali penye usaha ganzi inashika kwa shida, dokta anajua, anaongeza nyingine. Kwa hiyo kabla hajaanza kubalianeni, ukinyoosha mkono wa kushoto anasimama. Mimi nilikaa kimya nikashikilia mkono wa kile kiti mpaka kucha zikaacha alama kwenye ile ngozi yake, nikidhani ndo inavyotakiwa, kumbe ningenyoosha mkono tu.

Na sauti. Kuna mlio, kama mbao inapasuka, na unausikia mkubwa sana kwa sababu unapita kwenye mfupa wa kichwa chako mwenyewe, aliyesimama pembeni hasikii hata nusu yake. Jino limeshikwa na nyuzi nyuzi kwenye mfupa, anachofanya ni kulitikisa taratibu huku na huku mpaka tundu litanuke na zile nyuzi ziachie, sio kulivuta kwa nguvu kama msumari. Magego ya chini huwa na mizizi miwili kwa kawaida, ikiwa imepinda anaweza kulikata vipande viwili akatoa kimoja kimoja. Ukisikia mashine ya kukatia usidhani ameshindwa. Inaweza kuwa dakika tano, inaweza kuwa nusu saa na zaidi.

Likishatoka atakukunjia kitambaa cha pamba uking'ate. King'ate kweli, nusu saa mpaka dakika arobaini na tano, bila kukitoa toa kuangalia. Kila mtu anataka kuangalia! Tone moja la damu likichanganyika na mate linajaza mdomo mzima rangi nyekundu, utaona kama unakwisha, meza mate yako tu usiteme. Dawa ya maumivu kunywa kabla ganzi haijaisha, usisubiri ianze kuuma. Parasetamoli ni nzuri, ibuprofeni nayo kama dokta ameikubali, ila aspirini usinywe kwa kuamua mwenyewe maana inafanya damu ichelewe kuganda, na usiiweke kwenye fizi kama watu wanavyofanya, inaunguza. Ganzi inakaa masaa kadhaa, mpaka iishe usile cha kutafuna, unaweza kujing'ata shavu au ulimi bila kujua, na cha moto kitakuunguza.

Sasa nikwambie yaliyonipata, maana hiki ndo kilichonifanya niandike barua ndefu hivi. Usiku ule ule niliong'olewa mdomo ulikuwa na ladha ya damu, ile kama chuma, ikawa inanikera, nikachukua maji nikasukutua kwa nguvu nikatema, nikasukutua tena nikatema, mpaka maji yakatoka meupe. Nikalala nimeridhika nimejisafisha. Siku ya tatu, wakati mwenzangu mwingine angeanza kupata nafuu, yakaanza maumivu ambayo sijawahi kuyapata na jino lenyewe, yanatoka kwenye taya yanapanda sikioni mpaka kwenye paji la uso, dawa haigusi, na mdomo una harufu mbaya hata nipige mswaki mara ngapi. Niliporudi dokta aliangalia akasema shimo liko kavu. Lile donge la damu linaloganda kwenye tundu, ndo kifuniko cha mfupa, nilikuwa nimelitema mwenyewe usiku ule. Akaniosha, akaniwekea dawa mle ndani, ikapoa siku ile ile ila nilirudi mara mbili zaidi. Pale nilipong'olewa mwanzo waliniambia "ukapumzike" basi.

Kwa hiyo lile donge, mwanangu, ndo mali yako ya wiki hiyo. Masaa 24 ya kwanza usisukutue, usiteme kwa nguvu, usinywe kitu kwa mrija maana kule kuvuta kunaling'oa, usivute sigara, na usilichokoe kwa ulimi (ulimi utaenda wenyewe, urudishe). Usibebe vitu vizito wala kufanya mazoezi siku hiyo. Lala kichwa kikiwa juu, mito miwili. Barafu ndani ya kitambaa shavuni dakika ishirini, pumzika, rudia. Baada ya hayo masaa 24 ndo unaanza maji ya uvuguvugu na chumvi, nusu kijiko cha chai kwenye glasi, unayajaza mdomoni unainamisha kichwa huku na huku, unayaacha yadondoke yenyewe, ukishakula kila mara. Meno mengine piga mswaki kama kawaida, pale pazunguke tu.

Shavu litavimba, na siku ya pili ya tatu ndo linakuwa kubwa zaidi, usishtuke. Taya linakuwa gumu kufungua. Siku kama ya nne utaona kitu cheupe cheupe au cha njano kwenye shimo, hiyo mara nyingi ni nyama changa inaota, usiikwangue. Fizi yenyewe inajifunga ndani ya wiki chache, mfupa wa chini unachukua miezi kujaa. Habari ya kuziba pengo muulize baadae ukishapona, sio ya kuwaza sasa.

Ila kuna mambo hayasubiri asubuhi. Damu ikiendelea kuchuruzika hata baada ya kung'ata kitambaa kipya nusu saa nzima, rudi. Homa, au uvimbe unaozidi baada ya siku ya tatu badala ya kupungua, rudi. Maumivu kama yale niliyokueleza, rudi, usijitibu. Na uvimbe ukishuka shingoni, au kumeza na kupumua kukawa kwa shida, hapo ni hospitali muda huo huo hata iwe usiku wa manane, usinipigie kwanza, nenda alafu unipigie njiani.

Nenda na mtu wa kukusindikiza kama unaweza. Andaa vyakula laini nyumbani kabla hujatoka, maana ukirudi hutakuwa na hamu ya kusimama jikoni.

Alhamisi simu nitakuwa nayo mkononi tangu asubuhi. Ukitoka usihangaike kuongea na huo mdomo, we andika neno moja tu, limetoka, alafu rudi kung'ata kitambaa chako.

Mama yako