Asali yetu ionekane Google

Ndugu zangu wauza asali wa Tabora, habari za jioni.

Jana nilipitia tovuti zetu zote. Nyingi zina kichwa cha ukurasa kinachosema "Karibu" tu, na hilo limeniumiza, kwa sababu asali tunayo nzuri. Mteja wa Dar hatafuti "Karibu". Anaandika "asali ya Tabora" au "asali mbichi bei ya jumla". Maneno hayo yakae kwenye kichwa na kwenye aya ya kwanza, kwa lugha ya kawaida. Msiyarudierudie, Google huchukulia hivyo kuwa ulaghai na kuwashusha.

Picha za mizinga zimependeza, ila ni nzito mno. Zipunguzeni kabla ya kuzipakia: wateja wengi wako kwenye simu, na Google yenyewe hutazama kwanza tovuti inavyoonekana kwenye simu.

Mnaopigiwa na watu wanaouza linki, yaani viungo vya kutoka tovuti nyingine kuja kwenye yenu ili ipande Google, tafadhali sana msilipe. Google inakataza, na tovuti inaweza kuondolewa kabisa kwenye matokeo.

Jumamosi saa nne asubuhi njooni na simu, tusajili kila duka kwenye ramani ya Google. Ni bure. Wa Sikonge na Urambo nipigieni, tutaelekezana.