Mfungwa akilimishwa shamba la mtu, malipo yapite wapi?

Mhariri,

Mjadala wa wafungwa kufanyia kazi waajiri binafsi umekwama kwenye swali la kama mfungwa afanye kazi au la. Katiba ya Uganda ilishalijibu: Ibara ya 25 inaruhusu kazi inayotokana na hukumu ya mahakama. Linalobaki ni nani analimiwa, na fedha zinaingia mfuko upi.

Mkataba Na. 29 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1930, ambao Uganda iliuridhia 1963, unaitoa kazi ya aliyehukumiwa katika kazi za kulazimishwa, lakini kwa sharti: isimamiwe na serikali, na mfungwa asikodishwe kwa mtu binafsi wala kampuni. Njia inayobaki ni kazi ya hiari: mwenye shamba anayetaka watu wa gerezani hana budi kupata ridhaa ya kila mmoja kwa maandishi, bila kutishiwa kunyimwa punguzo la kifungo, na masharti yakaribiane na ya kibarua huru.

Mahabusu wasiguswe. Mahakama haijawahukumu, nao ni karibu nusu ya waliomo magerezani. Askari wa lango asitoe kikosi kabla ya kulinganisha kila jina na hati ya kifungo.

Madhara makubwa yanatoka kwenye ngwe. Shamba likipimwa kwa kamba na kila mtu akapewa kipande sawa, mwenye nguvu anamaliza mapema, mwenye kifua kikuu anaachwa nyuma, na anayeachwa nyuma ndiye anayechapwa. Nyapara ni mfungwa mwenzao, naye anaogopa kuulizwa kwa nini kazi haijaisha. Ripoti ya 2011 ya Human Rights Watch, shirika la kutetea haki za binadamu, kuhusu magereza ya Uganda ilieleza vipigo vya namna hii, pamoja na wagonjwa kukosa matibabu kwa sababu ya shamba. Kikosi kikitoka kabla zahanati haijafunguliwa, dozi inarukwa. Dozi zikirukwa ugonjwa unakuwa sugu, na usiku mgonjwa huyo analala amebanana na wenzake. Kazi ipimwe kwa saa, na daftari la dawa lisainiwe kabla lango halijafunguliwa.

Kuhusu fedha, ripoti hiyo ilionyesha kuwa malipo ya mashamba binafsi hayakuwa yakiwafikia waliolima. Taslimu mkononi mwa ofisa zipigwe marufuku. Kanuni za Mandela za 2015, za Umoja wa Mataifa kuhusu kuwatendea wafungwa, zinataka mwajiri alipe ujira kamili wa kawaida wa kazi hiyo. Alipe benki, stakabadhi ibandikwe ubaoni gerezani, na mfungwa apate sehemu ya matumizi, ya kutuma nyumbani na ya akiba atakayoondoka nayo. Ujira ukiwa chini ya huo, kibarua wa kijijini naye anakosa kazi.

Mkataba wa gereza na mwenye shamba utaje pia atakayelipa fidia jembe likimkata mtu mguu. Nakala ipelekwe Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda, yenye mamlaka ya kukagua magereza chini ya Ibara ya 52, kabla kikosi cha kwanza hakijatoka.

Msomaji,
Masindi