Picha ya babu mdogo: tafadhali usiisafishe

Hapa studio kwetu Ngamiani, neno "kusafisha" limetuletea kazi nyingi na majonzi pia. Sisi wa umri huu tulikua tukisema filamu inapelekwa studio "kusafishwa". Basi mtu anafungua sanduku la bibi, anakuta picha ya zamani imeingia madoa, na yeye anaisafisha. Kitambaa, maji kidogo, wengine mpaka sabuni ya unga. Akifika kwetu, uso haupo.

Simlaumu, maana nilishafanya mwenyewe. Ilikuwa picha ya babu mdogo, aliyemfuata babu mzaa baba kwa kuzaliwa. Alikuwa karani shamba la mkonge upande wa Muheza, akijaza vipande, zile kadi za siku za kazi za manamba, vibarua wa mkataba. Picha yake tuliyonayo ni hiyo moja tu: amesimama, mkono juu ya kiti, koti limefungwa vifungo vyote. Usoni palikuwa na ukungu mweupe. Nikalowesha pamba, nikapitisha mara moja. Pua ikaondoka na pamba.

Picha za zamani za rangi nyeusi na nyeupe hazikuchorwa kwa wino. Juu ya karatasi kuna utando mwembamba wa jelatini, na ndani yake ndimo zilimo chembe za fedha zinazofanya sura. Jelatini ni chakula cha ukungu, na kwa joto letu la Tanga na unyevu wa bahari, masika yakiingia ukungu haukosi. Ukishaula ule utando, tone la maji linaugeuza mlenda.

Kwa hiyo ilete na vumbi lake. Ikiwa imeganda kwenye kioo cha fremu, usiibandue. Tutaiskani humo humo kwenye kioo. Usiunge palipochanika kwa selotepu, maana gundi yake hugeuka manjano na kuingia ndani ya karatasi. Na laminesheni jamani, hapana! Ule moto ukishapita juu ya picha, hakuna fundi wa kuirudisha. Ukitaka kuandika jina nyuma, tumia penseli laini, si kalamu ya wino.

Tukishaiskani, asili unaondoka nayo siku hiyo hiyo, na marekebisho yote tunayafanya kwenye nakala. Mikunjo, madoa, kona iliyoliwa na mchwa, hayo yanatengenezeka. Uso uliofutika wote hatuujazi. Siku hizi zipo programu zitakazokupa uso mzuri kabisa, macho na meno, ila huyo atakuwa mtu wa kompyuta, na wajukuu watamsalimia kama babu yao. Wateja wengine wanatununia kwa hili. Sawa tu.

Sasa barua. Watu wanatuletea picha, barua wanaziacha nyumbani kwa kuziita makaratasi. Hapo ndipo habari ilipo! Bahasha peke yake ni kalenda: stempu ya Kenya, Uganda na Tanganyika yenye sura ya Mfalme George wa Sita inakuambia ni enzi zake, kati ya 1936 na 1952, ya Malkia Elizabeth ni baada ya hapo, ya Tanganyika huru haikuwepo kabla ya 1961. Kwa hiyo usibandue stempu, wala usiitenge bahasha na barua yake. Na ukikuta hati za Kiarabu usidhani ni dua ukaiweka kando. Wazee wengi wa pwani waliandika Kiswahili kwa hati hizo.

Za babu mdogo zilikuwa saba, shangazi kazifunga kwa kamba ya katani. Mbili zilikuwa za hati hizo, nikampelekea mwalimu wa madrasa anisomee. Ya kwanza ilikuwa salamu kwa nyumba nzima, jina kwa jina, mpaka mbuzi. Ya pili ndiyo iliyokuja na ile picha. Anamwambia kaka yake asije akaiangalia akadhani huku mambo ni mazuri akaanza kumwomba hela, koti ni la mpiga picha, kila anayeingia anavalishwa.

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Mimi nilikuwa nimeishika picha mkononi: uso nimeufuta, na koti lililobaki kumbe si lake.