Misumari ya Inchtuthil si ushahidi wa jeshi lililokimbia

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nijibu makala mliyoichapisha hivi karibuni kuhusu kambi ya jeshi la Kirumi iliyofukiwa huko Inchtuthil, Uskoti. Nashukuru kwamba mliikumbuka, kwa kuwa ni nadra magazeti yetu kugusa habari za namna hiyo. Hata hivyo mwandishi wenu alidai kwamba askari hao walitimuliwa na Wakaledonia, wenyeji wa kaskazini mwa Britania, kwamba waliacha nyuma yao hazina ya chuma kwa sababu hawakupata muda wa kuibeba, na kwamba leo pamebaki uwanja mtupu wa malisho. Madai yote matatu yanapingwa na udongo wenyewe wa mahali hapo.

Inchtuthil ipo Perthshire, juu ya uwanda ulioinuka kando ya mto Tay. Ujenzi ulianza yapata mwaka 83 baada ya Kristo, katika miaka ya mwisho ya Agricola akiwa gavana wa Britania au punde baada yake, na ngome ilikusudiwa kuwa makao ya legioni nzima, yaani askari wapatao 5,000. (Wasomaji wa Biblia wanalikumbuka neno hilo kwa yule mtu wa makaburini aliyesema jina lake ni Legioni kwa kuwa wapo wengi.) Ukubwa wake ulizidi hekta 20, karibu sawa na viwanja 30 vya mpira. Ndani yake kulikuwa na mabweni 64, maghala ya nafaka, karakana, na hospitali yenye vyumba 60 vilivyouzunguka ua mrefu. Nyumba ya kamanda haikujengwa kamwe. Nafasi yake ilikuwa imetengwa, ikabaki wazi. Tunazungumzia, basi, mji mdogo wa kijeshi ambao haukuwahi kukamilika.

Tunayajuaje haya yote ikiwa majengo hayo yalikuwa ya mbao na hakuna hata ubao mmoja uliosimama? Hapa ndipo makala yenu iliporuka jambo la maana kuliko yote. Wanaakiolojia Ian Richmond na J. K. St Joseph walichimba pale kila kiangazi kuanzia mwaka 1952 hadi 1965, bila kufukua ngome nzima. Walikata mitaro myembamba mahali walipopachagua, wakasoma rangi za udongo. Mtu yeyote aliyewahi kuchimba shimo la nguzo ya nyumba anajua kwamba ardhi ikishatifuliwa hairudi kuwa kama ilivyokuwa: udongo wa juu huchanganyika na wa chini, hulainika, hushika maji kwa namna nyingine. Nguzo iking'olewa na shimo likafukiwa, alama ya shimo hubaki hata baada ya miaka 1,900. Hata mimea huitambua. Katika kiangazi kikavu nafaka iliyoota juu ya handaki la kale hubaki kijani muda mrefu zaidi kuliko ile ya pembeni, na mtu aliye ndani ya ndege huiona ramani ya ngome imechorwa shambani. St Joseph mwenyewe alikuwa miongoni mwa mabingwa wa kupiga picha za aina hiyo.

Wala jambo hili halipaswi kutushangaza sisi wa pwani. Huko Shanga, katika visiwa vya Lamu, mwanaakiolojia Mark Horton alipochimba chini ya msikiti wa mawe alikuta mashimo ya nguzo za misikiti ya miti iliyoutangulia, ya zamani zaidi ikiwa ya karne ya 8. Kama angetafuta kuta peke yake, historia hiyo tungeikosa.

Sasa nije kwenye misumari, ambayo makala iliita hazina. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wachimbaji walikuta, chini ya sakafu ya karakana, shimo lenye kina cha zaidi ya mita tatu. Ndani yake mlikuwa na misumari zaidi ya 875,000, uzito wake ukiwa tani kadhaa, mingine mifupi kama kidole na mingine ikikaribia sentimita 40, na mingi ilikuwa haijawahi kupigiliwa popote. Juu yake palikuwa pamejazwa changarawe na udongo kiasi cha mita mbili, kwa uangalifu, pakasawazishwa. Misumari ya pembeni ilishikana kwa kutu ikawa kama gamba, na gamba hilo likaikinga ile ya ndani. Ndiyo maana wataalamu wanaotafuta namna ya kuzika taka za nyuklia kwa karne nyingi wameichunguza ili waelewe chuma huozaje ardhini.

Namwomba mwandishi wenu ajiulize: ni mtu gani anayefukuzwa kwa mikuki ambaye husimama achimbe shimo la mita tatu, amimine ndani yake tani za chuma, afukie na kusawazisha? Kazi hiyo ni ya watu waliopewa amri na muda wa kuitekeleza. Dalili nyingine zinaelekea huko huko. Ukuta wa mawe uliokuwa umejengwa mbele ya boma la udongo ulibomolewa jiwe kwa jiwe. Mbao za majengo ziling'olewa. Vyombo vya udongo na vya kioo ambavyo vilikuwa bado havijatumika vilitolewa ghalani, vikapondwapondwa na kutupwa kwenye mfereji wa barabara, ili asije mtu mwingine akavinywea. Nadhani sababu ya kuificha misumari ni rahisi kuielewa: kuibeba hadi kusini kungehitaji msururu wa magari ya ng'ombe, na kuiacha juu ya ardhi kungewapa Wakaledonia chuma cha kufulia vichwa vya mikuki kwa miaka mingi. Mtu anaweza kuuliza kwa nini hawakuitupa mtoni, ilhali Tay unapita pale chini. Kwa maoni yangu, kilichotupwa mtoni huonekana maji yakipungua, na shimo chini ya sakafu ya karakana hulijua aliyelichimba tu. Walifanikiwa, kwani hakuna aliyeigusa hadi Richmond alipofika.

Chanzo cha kuondoka kilikuwa mbali sana na Uskoti. Katikati ya miaka ya 80 ya karne hiyo ya kwanza Wadakia, waliokaa katika nchi ambayo leo ni Romania, waliuvuka mto Danube na kumuua gavana wa Kirumi wa jimbo la Moesia. Kaisari Domitian alihitaji askari, na legioni moja, ya Pili Adiutrix, ikahamishwa kutoka Britania. Zilizobaki zikawa chache mno kuishikilia kaskazini. Legioni ya Ishirini, ambayo wanahistoria wengi wanaamini ndiyo iliyoijenga Inchtuthil, ikarudishwa kusini, Chester. Sarafu za shaba zilizopatikana ngomeni zinakubaliana na maelezo hayo, kwa maana zimo za mwaka 86 ambazo hazijachakaa, kama kwamba zilitoka mfukoni mwa mlipaji mishahara wiki iliyopita. Hata Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi aliyelalamika kwamba Britania ilitiishwa kisha ikaachiliwa papo hapo, hakusema kwamba jeshi lilishindwa vitani. Huyo tumsikilize kwa tahadhari, kwa sababu alimwoa binti wa Agricola na alikuwa na kila sababu ya kumtetea baba mkwe wake dhidi ya Domitian. Lakini uchungu wake ulikuwa wa mtu anayeona ushindi umetelekezwa.

Neno hazina nalo lina madhara yake. Likichapishwa gazetini, msomaji huanza kufikiria jembe na kifaa cha kutambua vyuma, wakati Inchtuthil ni eneo la kale linalolindwa kisheria na kuchimba bila kibali ni kosa. Msumari mmoja ukichomolewa kwa siri hupoteza maana yote iliyotokana na mahali ulipolala: kina chake, kifuniko chake, jirani zake. Kwa kweli hata ile iliyochimbwa kihalali inanisikitisha kidogo, maana mingi iligawanywa kwa makumbusho na taasisi mbalimbali, mingine ikauzwa kwa watu binafsi, na rundo lililokaa pamoja karne zote hizo likatawanyika.

Ninachoomba ni masahihisho mafupi katika toleo lijalo, na kama mtairudia habari hii, picha iliyopigwa kutoka angani badala ya ile ya kondoo wakila majani. Maelezo ya chini ya picha yenu yalisema hapo hapana kitu. Katika picha ya angani msomaji ataweza kufuata kwa kidole chake mstari wa handaki.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa historia,
Tanga